Maikrofoni ya kurekodia kasida: Sauti ni amana, tuichagulie chombo kwa elimu

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyemfundisha mwanadamu kubainisha kwa ulimi na Akamjaalia masikio ya kusikilizia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata mwendo wao mwema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, Ijumaa ya leo tunaipandisha safu hii milimani. Tunatoka Mombo, tunakwea barabara ya kona nyingi inayopitia Soni, na baada ya kilomita zipatazo 33 tunaingia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Ukisimama hapo jioni kabla ya Magharibi, kutoka mabondeni utasikia watoto wa madrasa wakisoma kwa pamoja. Ndivyo ilivyo Mlalo, Mtae, Bumbuli, Mlola na katika vijiji vingi vya Usambara. Wazee wanaoufahamu Maulidi wa Barzanji kwa moyo wangalipo, na walimu waliotunga kasida kwa Kiswahili na hata kwa Kishambaa wangalipo pia. Lakini kila msimu wa baridi unapopita, mmoja wao hurejea kwa Mola wake, na sauti yake huondoka pamoja naye.

Kwa sababu hiyo, madrasa nyingi zimeamua kurekodi. Wazazi wanaolima viazi, kabichi na karoti huchanga shilingi zao kidogo kidogo, kisha kijana mmoja hukabidhiwa fedha akanunue vyombo. Hapo ndipo swali linapozuka: ni maikrofoni ipi iliyo bora? Swali hili linaonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini kwetu sisi lina mizizi katika dini. Fedha za michango ni amana. Kazi yenyewe ni amana. Na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanatuelekeza kwamba mja anapofanya kazi, Mwenyezi Mungu hupenda aifanye kwa ukamilifu na umahiri. Atakayenunua chombo kwa kubahatisha, kisha akaharibu sauti ya mzee ambayo haitapatikana tena, atakuwa amepoteza amana mbili kwa mkupuo mmoja.

Tuseme mapema kwamba hatukusudii kufungua hapa mjadala wa ala za muziki. Hitilafu za wanazuoni kuhusu ala zinafahamika, na kila msomaji ana walimu wake wa kumwongoza. Mazungumzo yetu yatahusu sauti ya mwanadamu, na dufu ambalo wanazuoni wengi wamelipa nafasi katika harusi, Idi na shughuli za furaha. Hata hivyo, kanuni tutakazozieleza ni zile zile kwa kila anayerekodi.

Elimu iliyopokelewa kwa sikio

Dini yetu ilitufikia kwa maandishi, lakini zaidi ilitufikia kwa sauti. Qur'ani ilihifadhiwa vifuani kabla ya kukusanywa katika msahafu mmoja. Wanazuoni wanaeleza kwamba Sayyidna Uthman (R.A.) alipopeleka nakala za misahafu katika miji mikuu, alipeleka pamoja nazo wasomaji wa kuwasomesha watu, kwa kuwa wino peke yake haumfundishi mtu namna ya kutamka. Katika Suratul Muzzammil, aya ya 4, imeamrishwa kusoma kwa tartili, na tartili haijifunzwi ila kwa kumsikiliza aijuaye. Mtume (S.A.W.) naye aliisifu sauti ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), akaifananisha na zumari miongoni mwa zumari za watu wa Daudi.

Vyombo vya kunasia sauti vilipokuja, wasomaji wakubwa walivikabili kwa tahadhari. Sheikh Muhammad Rif'at, ambaye kisomo chake kiliifungua redio ya Misri mwaka 1934, hakukubali mpaka alipowauliza wanazuoni kama inajuzu kuisoma Qur'ani katika chombo kile. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alikamilisha kurekodi Qur'ani nzima kwa kisomo cha murattal. Leo, zaidi ya miaka 40 tangu afariki mwaka 1980, mtoto wa Lushoto anaweza kurekebisha tajwidi yake kwa kumsikiliza. Hiyo ndiyo thamani ya rekodi safi: humfundisha mtu ambaye hakuzaliwa wakati msomaji alipokuwa hai.

Pwani yetu nayo ina historia yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodiwa katika sahani za santuri. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu makampuni ya santuri yaanze kutumia maikrofoni. Kabla ya hapo mwimbaji alilazimika kupaza sauti mbele ya pembe kubwa, na sauti nyororo haikuweza kunaswa vizuri. Tunazisikia sauti za zama zile mpaka leo kwa kuwa palikuwa na chombo na palikuwa na mtu aliyejua kukitumia.

Na milimani je? Uislamu ulipanda Usambara pamoja na misafara na wafanyabiashara kutoka Pwani. Mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefika katika utawala wa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848 na tena 1852, alikuta dini hii imekwishaingia hata ndani ya nyumba ya mfalme. Mwanawe Kimweri, Semboja, alikaa Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara. Historia ya miaka zaidi ya 150 ina sauti nyingi, lakini zilizonaswa ni chache mno. Pengo hilo halizibiki kwa majuto, bali kwa kuzinasa zilizosalia.

Aina mbili za maikrofoni

Maikrofoni ni sikio la chombo. Kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Zipo aina mbili ambazo mnunuzi hapana budi azitambue.

Ya kwanza huitwa dainamiki. Ndani yake mna utando mwepesi ulioshikamana na koili ya waya mwembamba, na koili hiyo imekaa katikati ya sumaku. Sauti ikiupiga utando, koili hucheza ndani ya sumaku na umeme mdogo huzalika. Ni kanuni ile ile ya dainamo ya baiskeli, isipokuwa hapa kinachosukuma si gurudumu bali ni pumzi ya msomaji. Maikrofoni hii ni ngumu, haihitaji umeme wa kuiendesha, huvumilia vumbi, unyevu na sauti kubwa. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na inayoonekana misikitini na majukwaani duniani kote, ni ya jamii hiyo.

Ya pili huitwa kondensa. Hii haina koili. Ina utando mwembamba sana ulio mkabala na kibamba cha chuma, na baina yao mna chaji ya umeme. Utando unapotikisika, nafasi baina yao hubadilika, na umeme hubadilika pamoja nayo. E. C. Wente wa Marekani aliibuni mwaka 1916. Kwa kuwa utando wake haukubebeshwa koili, huitikia upesi zaidi na hunasa mambo madogo madogo: pumzi, mwisho wa neno, na wembamba wa herufi. Lakini inahitaji umeme, kwa kawaida wa volti 48, unaopelekwa kwa waya ule ule kutoka katika mashine ya kurekodia. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West walibuni kondensa ambayo utando wake hubaki na chaji ya kudumu, na aina hiyo ndiyo iliyoenea katika redio kaseti zilizokuwa majumbani mwetu.

Je, tofauti hii ina uzito gani kwa mwanafunzi wa Qur'ani? Ina uzito mkubwa. Herufi kama thaa, sini na faa hutofautiana kwa sauti nyembamba za juu. Simu za kizamani zilipitisha sauti za kiwango cha hezi 300 mpaka 3,400 tu, na ndiyo maana mtu akikutajia jina kwa simu ulilazimika kumuuliza mara mbili kama amesema "fa" au "sa". Maikrofoni dhaifu hufanya vivyo hivyo. Mtoto anayejifunza kwa rekodi iliyofifia atapokea herufi iliyofifia, na kesho atamfundisha mwenzake.

Basi ipi ichaguliwe? Ikiwa madrasa ina chumba tulivu, umeme wa uhakika na mashine inayotoa volti 48, kondensa itamfaa msomaji mmoja au kikundi kidogo kisichotumia dufu. Ikiwa kurekodi kutafanyika msikitini, uani au penye kelele, au ikiwa chombo kitapita mikononi mwa watoto, dainamiki ni salama zaidi. Na ikiwa fedha inatosha maikrofoni moja tu ya kazi zote, sisi tunaegemea dainamiki iliyo madhubuti. Chombo kinachodumu miaka kumi kina baraka kuliko kile kinachong'aa mwezi mmoja.

Sikio linaelekea wapi

Jambo la pili la kuuliza dukani ni upande ambao maikrofoni husikia. Zipo zinazosikia pande zote sawasawa. Zipo zinazosikia mbele na nyuma, zikaziba ubavuni. Na zipo zilizo nyingi zaidi, ambazo ramani ya usikivu wake ina umbo la moyo: husikia sana mbele, kiasi ubavuni, na hafifu kabisa nyuma. Kwa milimani kwetu hii ya umbo la moyo ndiyo yenye manufaa, kwani ukiielekeza mgongo kwenye dirisha au barabara itapunguza kelele za upande huo.

Ina tabia moja ya kuchunga. Mdomo ukiikaribia mno, sauti nzito huzidi na msomaji husikika kama anayesomea ndani ya mtungi. Baadhi ya vijana hulipenda hilo wakidhani ndiyo sauti ya kiume. Kwa kisomo si zuri, kwani huzifunika herufi. Umbali wa shibiri moja kwa kondensa, na vidole vinne kwa dainamiki, ni mwanzo mwema. Aidha, herufi ya baa inapotamkwa kwa qalqala hutoa mpasuko wa pumzi unaougonga utando. Dawa yake ni kuisogeza maikrofoni kidogo pembeni ya mdomo, au kutanda kitambaa chepesi cha soksi ndefu ya kike juu ya pete ya waya na kukiweka katikati.

Chumba kabla ya chombo

Tunapenda kulisisitiza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: chumba kibaya huishinda maikrofoni nzuri. Paa la bati ni adui wa kwanza. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, tone la mvua juu ya bati hunaswa lote, na hakuna fundi awezaye kuliondoa bila kuijeruhi sauti. Basi ipangwe ratiba kwa hali ya hewa, na baada ya Alfajiri au usiku baada ya Isha, barabara zinapotulia.

Adui wa pili ni mwangwi wa kuta tupu. Hapa baridi ya Lushoto imetuachia neema, kwani hakuna nyumba isiyo na mablanketi mazito. Yaanikwe kwenye kamba nyuma na ubavuni mwa msomaji, sakafu itandikwe mikeka na mazulia, na chumba kitakuwa kimepata matibabu bila kununua kitu. Jenereta, ikiwa ni lazima, ikae mbali nyuma ya jengo.

Kwa kikundi cha kasida, tusiharakishe kununua maikrofoni tano. Moja iliyowekwa vizuri hushinda tano zilizotapakaa. Kiongozi asimame karibu, waitikiaji wapange nusu duara hatua mbili nyuma yake, na dufu likae nyuma zaidi. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo mizani ya sauti hupatikana kwa kumsogeza mtu mbele au nyuma. Aliye na sauti kali arudi hatua, aliye na sauti laini asogee. Zikitumika maikrofoni mbili, umbali baina yao uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila mdomo na maikrofoni yake, ili sauti moja isiingie kote na kujikata.

Kisha kipo kipimo cha ukubwa wa sauti katika mashine. Suratul Israa, aya ya 110, inatuelekeza katika Sala tusipaze mno wala tusififize mno, bali tushike njia ya katikati. Adabu hiyo ya ibada inamfaa pia fundi. Sauti ikirekodiwa chini mno, atakayeikuza baadaye ataikuza pamoja na mvumo wa mashine. Ikirekodiwa juu mno hupasuka, na kilichopasuka hakishoneki. Mshale uchezee kama desibeli 12 chini ya sifuri, na sauti ya juu kabisa isiiguse sifuri. Rekodi ya asili ihifadhiwe ikiwa kamili, bila kubanwa, katika sehemu mbili tofauti. Nakala zilizobanwa ndizo zisambazwe kwa simu.

Sokoni: muuzaji na mnunuzi

Hapa pana maumivu. Maikrofoni mashuhuri huigwa, na bandia zake zimejaa masokoni. SM58 halisi huuzwa Marekani kwa dola zipatazo 100. Anayeiuza kwa robo ya bei hiyo huku akiapa kwamba ni mpya na halisi, mwenye akili ajiulize. Ile halisi ina uzito wa gramu 298. Nyingi za bandia ni nyepesi mkononi, maandishi yake yana kasoro na sauti yake ni ya bati.

Kwa ndugu zetu wauzaji tunawakumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu umefichwa chini. Alimtaka mwenye mali auweke juu watu wauone, na akatangaza kwamba mwenye kughushi hayumo miongoni mwetu. Maikrofoni bandia iliyofungwa katika boksi zuri ni unyevu ule ule uliofichwa. Si haramu kuuza kitu cha bei nafuu. Haramu ni kukiuza kwa jina kisilokuwa nalo. Mkulima wa Mlola aliyetoa shilingi yake kwa ajili ya madrasa ameibiwa, hata kama hakuwahi kufika dukani.

Kwa wanunuzi, tunashauri wawe wawili, mmoja akiwa msomaji na mwingine fundi. Wachukue kinasa sauti na vipokea sauti vya masikioni, wajaribu kabla ya kulipa. Kila maikrofoni isomewe maneno yale yale, kwa umbali ule ule, kisha wafumbe macho na kusikiliza. Waulize: herufi zinabainika? Kuna mvumo? Waya ukitikiswa pana mkwaruzo? Wadai risiti na muda wa kurudisha. Wala wasisahau kutenga fedha ya waya imara na stendi, kwani maikrofoni ghali iliyoshikwa na mkono unaotetemeka haina faida.

Na upo upande wa pili wa kosa, nao ni israfu. Baadhi ya vijana wakiona picha za studio za Ulaya hutaka maikrofoni ya mamilioni, ilhali madrasa haina madawati. Suratul Israa imewataja wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Na ambaye hana uwezo kabisa asikae akisubiri. Simu ya mkononi ikiwekwa karibu na mzee, ndani ya chumba kilichotandikwa mablanketi, itatoa rekodi bora kuliko kondensa ya gharama ndani ya ukumbi mtupu. Mzee wa miaka 80 hasubiri bajeti ya mwaka ujao.

Utunzaji na adabu

Ukungu wa Usambara ni pambo kwa mgeni, lakini kwa kondensa ni maradhi. Unyevu ukitua juu ya utando wake, hukoroma na kutoa milio kama ya mafuta ya kukaangia. Ihifadhiwe ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na vile vijipakiti vinavyonyonya unyevu ambavyo huwekwa katika maboksi ya viatu. Ikitoka kwenye baridi kuingia chumba chenye watu wengi, iachwe kitambo kabla ya kuwashwa. Wala isipulizwe wala kupigwa kofi kujaribiwa, kama wengi wafanyavyo misikitini. Aijaribuye aseme Bismillahi, inatosha.

Mwisho ni adabu za kazi yenyewe. Mzee aombwe ruhusa na aelezwe sauti yake itatumikaje. Kisomo kihakikiwe na mwalimu wa tajwidi kabla hakijasambazwa, maana kosa la darasani husikiwa na thelathini, na kosa la rekodi halina idadi. Jina la mtunzi wa kasida litajwe, wala lisifutwe na kuwekwa la aliyeimba. Na kijana mwenye sauti nzuri ajilinde na ria, kwani maikrofoni hunasa sauti tu. Nia inanaswa na Mwingine.

Ndugu zetu, aya ya 36 ya Suratul Israa inatuonya kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Tuliowasikia wazee wetu wakisoma tutaulizwa tuliyafanyia nini tuliyoyasikia. Kamati za madrasa za Lushoto zisianze na orodha ya vyombo, bali zianze na orodha ya wazee, kijiji kwa kijiji, kwa kufuata umri. Kisha ndipo zitafute maikrofoni inayolingana na kazi na mfuko.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) Awape umri mwema walimu wetu wa milimani na mabondeni, Awarehemu waliotangulia, na Ajaalie sauti zao ziwe sadaka yenye kuendelea. Amin.

Wabillahi tawfiq.